Mpira na Mzio: Habari za Utomvu Mmoja, Unguja na Mwambao

Maneno mawili nimeyatanguliza juu ya makala haya, na yote mawili ni ya siku nyingi katika vinywa vya watu wa Unguja. La kwanza ni mpira, la pili ni mzio. Kwa muda mrefu maneno hayo yaliishi katika lugha yetu kama majirani wasioamkiana: moja likikaa bandarini, sokoni na uwanjani, la pili likikaa jikoni na chumbani kwa mgonjwa. Nakusudia kueleza jinsi yalivyokuja kukutana, tena si katika kamusi bali katika damu ya mwanadamu. Na kuonyesha kwamba habari hii, ambayo huandikwa kana kwamba ni ya hospitali za Ulaya na Marekani peke yake, inatuhusu sisi pia, kwa asili yake na kwa mwisho wake.

Na tuanze na mpira. Mtoto wa Mji Mkongwe akilisikia neno hili huwaza kandanda; mtunza bustani huwaza bomba la kunyweshea; fundi wa baiskeli huwaza gurudumu; na mtu aliyepata kulazwa hospitali huukumbuka mpira wa mkojo, naye hapendi kuukumbuka. Lakini chini ya maana zote hizo upo mmea. Mpira wa kwanza wa watu wa pwani haukutoka kiwandani. Ulikuwa mmea utambaao mwituni, wenye shina gumu liparamialo miti mikubwa, na shina hilo likichanjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Ndugu yake twamjua sote: ni mbungo, ambao matunda yake hukamuliwa sharubati ya rangi ya manjano ipendwayo sana Unguja. Wengi wanywao sharubati hiyo hawafikiri kwamba wanakunywa tunda la ukoo mmoja na mpira uliowahi kutajirisha wafanyabiashara wa mji huu.

Mtu aliyeufanya mmea huo ujulikane kwa wataalamu wa dunia alikuwa tabibu. Jina lake John Kirk, Mskoti aliyesomea udaktari Edinburgh, akafuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi kuanzia mwaka 1858, kisha akaja Unguja mwaka 1866 kuwa daktari wa ubalozi wa Kiingereza. Baadaye alipanda cheo hata akawa balozi mkuu, na ndiye aliyekuwa mbele ya Sayyid Barghash mwaka 1873 mpaka mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ukatiwa saini. Juu ya mkataba huo wanahistoria wameandika mengi. Juu ya mapenzi yake makubwa wameandika machache, nayo yalikuwa mimea. Alikuwa na shamba Mbweni, na alikuwa akikusanya mimea ya pande hizi na kuipeleka bustani ya Kew, karibu na London. Mmoja katika mimea hiyo ni mpira wa mwituni, nao wataalamu wakauita Landolphia kirkii kwa heshima yake.

Waingereza wa wakati ule walikuwa wakisema kwamba nchi iliyokatazwa kuuza watu sharti ipate kitu kingine cha kuuza. Mpira ukawa mmoja wa vitu hivyo, ukahesabiwa pamoja na pembe, sandarusi na karafuu. Ulitoka Mrima na nchi za kusini zilizo nyuma ya Kilwa, ukavushwa kwa majahazi, ukakusanywa Unguja, ukapakiwa merikebuni kwenda Ulaya na Marekani. Mchumaji alichanja shina, na utomvu ukiganda aliuviringisha ukawa tonge. Katika sehemu nyingi za Afrika aliupaka mikononi na kifuani mpaka ukauka, kisha akaubandua pamoja na vinyweleo vyake. Katika Kongo ya Mfalme Leopold mpira huo ulidaiwa kwa mijeledi, na watu wakakatwa mikono. Ngozi ya Mwafrika, basi, ilikuwa chombo cha kugandishia utomvu miaka mingi kabla daktari yeyote hajauliza utomvu waifanya nini ngozi ya mtu.

Hamu ya dunia ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alivumbua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hauyeyuki wakati wa joto wala haukatiki wakati wa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akafanya gurudumu la kujazwa upepo. Lakini mti ulioshinda mashindano haukuwa wa kwetu. Mwaka 1876 Henry Wickham alichukua mbegu zipatazo 70,000 za mti wa Brazil uitwao Hevea brasiliensis, akazipeleka Kew. Miche yake ikapelekwa Ceylon na Singapore, na Malaya ikajaa mashamba. Wajerumani nao walipanda Tanganyika, hasa pande za Tanga, mpira wa aina ya tatu, Manihot glaziovii, ambao ni ndugu wa muhogo. Bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba hayo yakaachwa. Mwambaoni majani ya mti huo hupikwa kisamvu mpaka leo, na hilo ndilo faida iliyobaki baada ya biashara kufa. Singapore ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942 Waingereza waliyakumbuka tena mashamba yale, lakini vita vilipokwisha yakasahauliwa. Hevea mwenyewe sasa yupo Unguja pia: mtu apitaye Selem na Kichwele huona miti iliyopangwa safu kwa safu, kila mmoja na kovu lake la mshazari na kikombe chini yake, na wagemaji hutoka alfajiri kabla jua halijapanda, kwa kuwa wakati huo ndipo utomvu hutiririka vizuri.

Utomvu wa Hevea ndio utakaotuhusu tangu hapa, maana ndio unaotengenezwa glavu za madaktari. Na glavu yenyewe ina kisa ambacho mtu angedhani kimetungwa. Katika baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, muuguzi mmoja jina lake Caroline Hampton alikuwa akiugua mikono. Dawa ya zebaki iliyotumika kuua vijidudu ilimharibu ngozi, hata akakaribia kuacha kazi ya chumba cha upasuaji. Daktari wake mkuu, William Halsted, aliiandikia kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Glavu zikaja, mikono ikapona, na mwaka 1890 Halsted akamwoa Caroline. Kwa hiyo glavu ya mpira ilizaliwa kuwa dawa ya ngozi ya muuguzi. Haikupita miaka mia ila glavu hiyohiyo ikawa maradhi ya wauguzi.

Hapa ndipo linapoingia neno la pili. Mzio, kwa matumizi ya wazee, ni chakula au kitu ambacho mtu hujiepusha nacho, ama kwa kuwa chamdhuru, ama kwa mila ya ukoo wake. Mtu husema, "Pweza ni mzio wangu," na mwenye nyumba hamlazimishi. Neno hili lina adabu ndani yake: lakiri kwamba kile kilicho riziki kwa mmoja chaweza kuwa sumu kwa mwingine, wala hapana wa kulaumiwa. Ulaya ilichelewa kulipata neno la namna hiyo. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, alibuni neno aleji kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, akitaka kusema kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu hubadilika, na mara ya pili hukipokea kwa namna nyingine. Waandishi wetu walipotafuta neno la kutafsiri aleji walilikuta mzio limekaa tayari likiwangoja.

Mzio wa mpira uliandikwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1927, kisha ukanyamaziwa. Ukatajwa tena Uingereza mwaka 1979, kwa mtu aliyetoka vipele papo hapo kila avaapo glavu. Ulionekana kuwa ni jambo la nadra, la kuandikwa pembeni. Kisha likaja tukio lililobadili dunia nzima, nasi ndani yake. Ukimwi ulijulikana Marekani mwaka 1981. Tanzania wagonjwa wa kwanza walionekana Kagera mwaka 1983. Na Unguja walitambuliwa mwaka 1986. Mwaka 1987 wakuu wa afya wa Marekani walitoa agizo kwamba damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa ya hatari, na kila mhudumu avae glavu. Agizo hilo lilikuwa la haki, nalo liliokoa maisha ya watu wasiohesabika. Lakini mahitaji ya glavu yalipanda kwa mabilioni, viwanda vikaharakisha, na glavu nyingi zikatoka bila kuoshwa vya kutosha, zimepakwa unga wa mahindi ili ziteleze mkononi. Protini za utomvu zilishikamana na unga huo, na kila glavu ilipovuliwa unga uliruka hewani. Katika miaka michache wauguzi na madaktari wengi wa Ulaya na Marekani wakaanza kuwashwa, kupiga chafya na kubanwa kifua. Na baadhi ya wagonjwa walipoteza maisha kwa vifaa vya mpira walivyoingizwa mwilini, mpaka mwaka 1991 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatoa onyo.

Yafaa sasa tueleze nini hutokea mwilini. Protini ya utomvu ikiingia kwa ngozi iliyopasuka au kwa pumzi, hukutana kwanza na seli zenye matawi, ambazo kazi yake ni kukamata wageni. Seli hizo huikatakata na kuipeleka kwenye tezi za limfu, na huko huionyesha kwa limfosaiti T. Katika watu wengi mambo huishia hapo kwa amani. Katika wachache, limfosaiti T hushika njia nyingine, hutoa vichocheo viitwavyo intaleukini, hasa ya 4 na ya 13, na vichocheo hivyo huziamuru limfosaiti B kutengeneza kingamwili ya aina ya E. Kingamwili hii ilitambuliwa katikati ya miaka ya 1960 na Wajapani wawili, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na kwa wakati uleule na wataalamu wa Sweden. Nayo haikai bure katika damu: hujipachika juu ya seli za masti zilizo katika ngozi na njia za pumzi, na juu ya basofili zilizo katika damu. Mpaka hapo mtu haumwi kitu. Anaweza kuishi hivyo miaka. Lakini siku protini ileile irudipo, huziunganisha kingamwili mbili zilizokaa jirani juu ya seli moja, na seli hiyo humwaga histamini kwa dakika chache. Ngozi huvimba, macho hutoka machozi, kifua hubana. Na ikizidi, nguvu ya damu huanguka, na mtu huweza kufa akiwa mikononi mwa waliotaka kumponya.

Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa Ujerumani na kwingineko walichukua damu ya watu wenye mzio huu, wakazitenga limfosaiti zao na kuzitia protini za utomvu. Waliona kwamba za wengi katika wagonjwa hao huzaana, kwa kuwa zaikumbuka protini ile. Tangu hapo ikafahamika kwamba kingamwili ni mjumbe tu, na kumbukumbu yenyewe imo katika seli. Lakini msomaji na aangalie asichanganye mambo matatu. Lipo la kwanza nililolieleza, lijalo kwa dakika. Lipo la pili, ambalo limfosaiti T hupigana zenyewe bila kingamwili, nalo huja baada ya siku moja au mbili, likaacha ngozi ya mkono imepasuka na kutoka maji. Na aghalabu kisababishi chake ni kemikali zinazotiwa kiwandani kuharakisha mpira kukomaa, wala si utomvu. Na lipo la tatu, ambalo ni mkwaruzo wa unga, jasho na sabuni, lisilo mzio hata kidogo. Matatu haya hufanana kwa macho, na muuguzi anayewashwa mikono hawezi kujua ni lipi mpaka apimwe. Tofauti yake ni kubwa: la tatu humsumbua, la kwanza laweza kumwua.

Ajabu kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni asili ya protini zenyewe. Utomvu si maji ya mti tu; ni dawa ya jeraha lake. Mti ukichanjwa, utomvu hutoka kuziba kidonda, na ndani yake mna protini za kuzuia kuvu zisiingie. Moja ni hevini, iliyotengwa mwaka 1960. Ni ndogo, asidi za amino 43 tu, nayo hushika ganda la kuvu. Hevini hiyo ndiyo mojawapo ya protini zinazowadhuru zaidi wahudumu wa hospitali. Tuseme basi kwamba hapana adui katika vita hivi. Mti wajilinda, na mtu ajilinda. Wazee husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walikusudia vijinga vya moto vinavyosogezwa pamoja, lakini katika jambo hili methali yafaa hata kwa maana ya pili ya neno, kwani ni kinga ya mti iliyokutana na kinga ya mwili.

Kwa kuwa miti mingi hujilinda kwa silaha zinazofanana, mzio wa mpira hauishii katika glavu. Mwaka 1994 Carlos Blanco na wenzake wa Las Palmas, katika visiwa vya Canary, ambavyo ni visiwa vya migomba kama vyetu, walieleza kwamba karibu nusu ya wagonjwa wao wa mpira walidhurika pia kwa matunda: parachichi, ndizi, papai na mengineyo. Sababu ni kwamba ndani ya matunda hayo mna protini zenye umbo la hevini, na kingamwili haiwezi kuyatofautisha. Baadaye hata muhogo ukaandikwa katika hesabu hiyo, nao, kama nilivyotangulia kusema, ni ndugu wa mpira wa Wajerumani, na ni wa jamii moja na Hevea. Kwa hiyo mwanamke wa Unguja asemaye, "Ndizi mbivu ni mzio wangu, hunikuna koo," huenda anasema neno ambalo daktari wa upasuaji angepaswa kulisikia kabla hajavaa glavu.

Na sasa niseme kwa nini nimelileta jambo hili mbele ya wanafunzi wa lugha na historia. Katika wote wenye hatari ya mzio wa mpira, wa kwanza ni watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Hao hupasuliwa mara nyingi tangu uchanga, na wengi huwekewa mpira wa mkojo kila siku. Mwili wao hukutana na utomvu tangu siku za mwanzo, tena ndani, si nje. Katika nchi zilizowapima, baina ya thuluthi na zaidi ya nusu yao walionekana wamekwisha kuugeukia mpira. Unguja nayo ina watoto hao. Tangu mwaka 2014 hospitali ya Mnazi Mmoja ina jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, lililosimamishwa pamoja na shirika la NED la Hispania, na watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi hutibiwa humo. Ni neema kubwa, kwani zamani mtoto wa namna hiyo alifichwa ndani mpaka afe. Lakini mtoto aliyeokolewa hurudi nyumbani, hukua, na siku moja hupewa puto la sikukuu alipulize. Mama yake asipoambiwa, nani atamwambia?

Dawa ya kuung'oa mzio huu haijawa jambo la kawaida. Dawa ni kujiepusha, na adrenalini ikiwa mtu amekwisha kuanguka. Kujiepusha kumewezekana kwingine. Ujerumani ilipiga marufuku glavu za mpira zenye unga mwishoni mwa miaka ya 1990, na wagonjwa wapya katika wahudumu wa afya wakapungua sana. Marekani ilizipiga marufuku glavu zote zenye unga kuanzia Januari 2017. Zipo glavu za nitrili, zisizotoka mtini. Wala haifai kuuogopa mpira wote: gurudumu na kandambili hutengenezwa kwa mpira mkavu, uliogandishwa kwa asidi na kukandamizwa, na protini zake zilizobaki ni chache, hatari imo zaidi katika vitu vilivyochovywa katika utomvu wa majimaji, kama glavu, puto, kondomu na mipira ya mkojo. Na lipo moja lisilohitaji fedha, nalo ni kumwuliza mgonjwa, kwa lugha aijuayo, mzio wake ni nini. Akiulizwa kwa neno la kitabuni asilolizoea atajibu kwamba hana kitu. Akiulizwa kwa neno la nyanya yake, atataja ndizi, atataja papai, pengine atataja puto lililomvimbisha midomo utotoni.

Tabibu Kirk aliuona mpira kuwa bidhaa, na Halsted aliuona kuwa kinga ya mikono. Ilichukua karibu karne nzima kuona kwamba ni kitu kilicho hai, chenye silaha zake. Katika muda wote huo Kiswahili kilikuwa na neno mzio, na ni wajibu wetu sisi tunaofundisha lugha kulipeleka mahali linapohitajiwa, kwenye karatasi za hospitali na midomoni mwa wauguzi. Haya ndiyo niliyojaliwa kuyakusanya. Mwenye ujuzi zaidi, hasa katika madaktari wetu, na ayasahihishe na kuyaongeza.